Nyota iliyopotezwa jina na nukta moja

Kosa la mwalimu halikai darasani. Hutoka na wanafunzi, likaenda nao makwao, na baada ya miaka michache likarudi shuleni likiwa limevaa joho la ukweli. Nasema hivi kwa sababu nina kosa langu la kuungama leo, na nimeona heri niliungame hadharani kwa kuwa wengi niliowapotosha sasa ni walimu katika shule za nchi hii.

Kwa miaka kadhaa, kila nilipofundisha mada ya ukopaji wa maneno, niliwapa wanafunzi wangu mfano wa nyota iitwayo Betelgeuse. Niliwaambia kwamba jina hilo asili yake ni Kiarabu, kwamba maana yake ni “kwapa la Jauza”, na kwamba Wazungu walilitwaa wakalikatakata kama walivyoyakatakata mengine mengi. Wanafunzi walicheka kidogo, wakaandika, nami nikaendelea na somo. Hadi siku moja kijana mmoja wa Lamu, aliyesoma chuoni, kwa maana ya neno hilo huko kwao, kabla ya kusoma chuo kikuu, aliinua mkono. “Mwalimu,” alisema kwa adabu, “kwapa kwa Kiarabu ni ibt. Hiyo alifu ya mwanzo imekwenda wapi? Na huyo Jauza mwenyewe ni nani?”

Nilimjibu kwamba swali lake ni zuri na kwamba tutalizungumza wiki ijayo. Kila mwalimu anajua maana ya jibu hilo.

Kabla ya kulijadili jina, ni vyema tumjue mwenye jina. Msomaji akitoka nje mnamo saa mbili za usiku katikati ya mwezi wa Desemba, akasimama mahali pasipo na taa nyingi na kuelekea mashariki, ataona nyota tatu zilizojipanga katika mstari mfupi. Huo ni mkanda wa Jabari, kundinyota ambalo Wagiriki waliliita Orion. Kwa kuwa nchi yetu inapitiwa na ikweta, na mkanda huo nao uko karibu sana na ikweta ya mbingu, Jabari huchomoza kwetu akiwa amelala ubavu. Kuliani mwa mkanda, yaani upande wa kusini, iko nyota nyeupe yenye kuelekea ubuluu, nayo ni Rigel. Kushotoni, upande wa kaskazini, iko nyota yenye rangi ya kaa la moto. Hiyo ndiyo Betelgeuse. Ifikapo Februari, saa zizo hizo, kundi zima huwa karibu na utosi.

Majina ya nyota za kundi hili ni darasa la Kiarabu lililotandazwa angani. Rigel ni rijl, mguu. Saiph ni sayf, upanga, na ndilo jina la Seif tunalolisikia kila siku pwani. Katika zile nyota tatu za mkanda, mbili za pembeni, Mintaka na Alnitak, zote zina maana ya mkanda au mshipi. Ile ya katikati, Alnilam, imetokana na neno nidham, lulu zilizopangwa katika uzi. Mwalimu anayewahimiza wanafunzi wake wawe na nidhamu analitumia neno hilo hilo, bila ya kujua kwamba lina nyota yake mbinguni.

Katika mwili huo wenye mguu, mkanda na upanga, mtu angetarajia kuukuta na mkono. Na mkono ulikuwapo. Waarabu wa kale waliiita nyota ile nyekundu Yad al-Jawza, yaani mkono wa Jauza. Jauza alikuwa umbo la mwanamke waliyemwona katika nyota hizo kabla ya elimu ya Wagiriki kuwafikia. Baadaye, wataalamu kama Abd al-Rahman al-Sufi, aliyeandika kitabu chake maarufu cha nyota mnamo mwaka 964, waliyakutanisha mapokeo hayo mawili, la Kigiriki la mwanamume jabari na la Kiarabu la mwanamke Jauza. Ndiyo sababu kundi moja likawa na majina mawili.

Wala Jauza si mgeni kwetu. Watu wa pwani wanaofuata elimu ya buruji humtaja katika orodha ya nyota 12, baada ya Hamali na Thauri, ingawa hapo jina limehamia kwa jirani zake, Mapacha. Manahodha wa Bahari ya Hindi nao waliigawa dira yao katika mapande 32 na kuyapa majina ya nyota zinazochomoza au kutua pande hizo, na Jauza ni mojawapo. Kutokana na elimu hiyo hiyo ya bahari Kiswahili kilipata neno suheli kwa maana ya kusini, kwa jina la nyota ambayo Wazungu huiita Canopus.

Je, mkono uligeukaje kuwa kwapa? Hapa ndipo ilipo ile nukta niliyoitaja katika kichwa cha makala haya. Katika hati ya Kiarabu, herufi ya Y ikiwa mwanzoni mwa neno huandikwa kwa jino dogo lenye nukta mbili chini yake. Herufi ya B huandikwa kwa jino lilo hilo, ila nukta yake ni moja. Katika karne ya 13, maandishi ya Waarabu kuhusu nyota yalipokuwa yakifasiriwa kwa Kilatini, nukta mbili zilisomwa kuwa moja. Yad ikawa bad, na nyota ikaingia Ulaya ikiwa na jina kama Bedalgeuze, neno lisilo na maana kwa Kiarabu wala kwa Kilatini.

Asiyewahi kusoma maandishi ya mkono atadhani huo ulikuwa uzembe. Anayezijua nyaraka zetu za kale hatafanya haraka kuhukumu. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati hiyo hiyo, na kwa desturi ya waandishi wengi herufi ya B ilibeba mzigo wa sauti tatu, B, P na MB. Bata anayeogelea, pata la mwenye kutafuta na mbata ya nazi iliyokauka zingeweza kuandikwa kwa umbo moja, na msomaji akaachiwa kazi ya kupambanua kwa muktadha. Tungo za Muyaka wa Mombasa zilitufikia zikiwa na maana yake kwa kuwa katika karne ya 19 alikuwapo Mwalimu Sikujua, aliyezijua na kuzifafanua, akishirikiana na William Taylor. Hati ilihitaji mtu wa kuisimulia. Nyota ya Jauza ilipovuka kwenda Ulaya, mtu wa namna hiyo hakuvuka nayo.

Hilo ni kosa la kwanza, nalo lilikuwa la jicho. Kosa la pili lilikuwa la wajuzi, na kwa maoni yangu ndilo lenye funzo kubwa zaidi kwetu sisi wa vyuoni. Karne kadhaa baadaye walitokea wasomi wa Ulaya wenye kujua Kiarabu kidogo, wakaona kwamba Bedalgeuze haina maana. Badala ya kuuliza kama herufi ya kwanza ilisomwa sawasawa, walitafuta neno la Kiarabu linalokaribiana na ile sauti waliyoirithi. Wakalipata ibt, kwapa. Kwapa liko karibu na bega, na nyota yenyewe iko begani, basi wakaridhika. Ili jina lifanane na maana waliyolipa, D ikageuzwa T, na ndipo tukapata Betelgeuse. Walisahihisha kilicho sawa na kukiacha kilicho kosa, kwa maana D ilikuwa ndiyo herufi ya haki ya yad, na B ndiyo iliyokuwa mvamizi.

Aliyeifumbua fundo hiyo kwa ushahidi ni Paul Kunitzsch, mtaalamu wa Kiarabu wa Ujerumani, katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu majina ya nyota ya Kiarabu yaliyoingia Ulaya. Hakutegemea kufanana kwa sauti. Alifuata njia ya majina kutoka hati hadi hati. Hata hivyo kwapa halikufa. Liliendelea kuishi katika vitabu vya wasomaji wa kawaida, na kutoka humo likaingia katika daftari zangu za kufundishia. Waingereza na Wamarekani nao hawakuliacha jina lipumzike. Masikioni mwao linasikika kama juisi ya mdudu, na mwaka 1988 ikatolewa filamu iitwayo Beetlejuice.

Nyota yenyewe, kwa upande wake, imekuwa ngumu kusomeka kama jina lake. Mwaka 1603 Johann Bayer alipozipa nyota herufi za Kigiriki, aliipa hii herufi ya kwanza katika Jabari, ilhali mara nyingi Rigel huishinda kwa mwangaza. Ilikuwa hadi mwaka 1836 ndipo John Herschel alipotambua kwamba nyota hii haitulii, kwamba huongezeka mwangaza na kupungua. Mnamo Desemba 1920, Albert Michelson na Francis Pease waliupima upana wake katika kituo cha Mount Wilson huko California, na ikawa nyota ya kwanza, ukiliacha jua letu, kupimwa upana wake namna hiyo.

Vipimo vya tangu hapo vinastaajabisha. Wengi wetu hudhani kwamba wekundu ni dalili ya joto kali, lakini mhunzi anajua vingine. Chuma huanza kwa kuwa chekundu, na kadiri moto unavyozidi hugeuka cha manjano, kisha cheupe. Uso wa Betelgeuse una joto la nyuzi 3,300 hivi, ilhali uso wa jua letu unafikia 5,500. Ni nyota yenye uso baridi kwa kipimo cha nyota. Linaloifanya ing’are ni ukubwa wake, kwa kuwa upana wake ni mara 700 hivi wa jua. Lau ingewekwa mahali pa jua, ingezimeza Zebaki, Zuhura, dunia yetu na Mirihi. Nyota za aina hii wanafalaki huziita majitu makuu mekundu.

Ukubwa huo ni wa uzee, ila ni uzee wa ajabu. Jua letu lina umri wa miaka bilioni 4.6 na bado lina miaka mingi ya kuishi. Betelgeuse ina miaka milioni 10 hivi tu na tayari imo ukingoni mwa maisha yake. Ilizaliwa na mada nyingi, mara 15 hadi 20 ya ile ya jua, na nyota hufanana na matajiri wengine tunaowajua: aliye na kingi ndiye anayefuja upesi. Hidrojeni ya kiini chake imekwisha, sasa inaunguza heliamu, na tabaka zake za nje zimefura kama andazi katika mafuta. Siku moja kiini kitaporomoka na nyota italipuka, tukio liitwalo supanova. Siku moja hiyo, kwa hesabu za wataalamu, inaweza kuwa wakati wowote katika miaka 100,000 ijayo. Itakapolipuka itaonekana hata mchana, na haitatudhuru, kwa maana iko mbali: miaka ya nuru 500 hadi 700 hivi. Nuru inayotuingia machoni usiku huu ilianza safari wakati Gedi ilipokuwa mji wenye watu, misikiti na masoko.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2019 hadi Februari 2020, nyota hiyo ilififia hata watu wasio na darubini wakaliona jambo hilo. Ilipoteza zaidi ya nusu ya mwangaza wake. Magazeti ya dunia yakauliza kama mwisho umewadia. Wanafalaki waliochunguza picha na vipimo walifikia maelezo mengine: nyota ilikuwa imetema gesi nyingi kutoka usoni mwake, gesi hiyo ikapoa na kuwa vumbi, na vumbi likasimama baina yake na sisi. Miezi michache baadaye ilirudia mwangaza wake. Waliotangaza kifo walikuwa wameona kitu cha kweli, lakini walikosea katika kukisoma. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka mfasiri wa karne ya 13 na nukta zake, nikawaonea huruma wote wawili.

Sasa nirudi kwenye lugha, ambako ndiko kwenye hoja yangu. Katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili kuhusu elimu ya nyota, Betelgeuse imepewa jina la Ibuti la Jauza. Jina hilo lina sura ya Kiswahili, lina sauti nzuri, na aliyelisoma atadhani limetujia moja kwa moja kutoka kwa mabaharia wetu. Lakini ibuti hilo ni lile lile ibt la wasomi wa Ulaya. Kosa lililozaliwa katika kulisoma neno la Kiarabu limepita kwa Kilatini, likapita katika lugha za Wazungu, likarudi kwetu likiwa limevaa kanzu na kofia, nasi tukalipokea kama ndugu.

Najua nitakavyojibiwa, hasa na wanaisimu wenzangu. Watasema kwamba katika lugha mazoea ndiyo mfalme. Watanikumbusha kwamba Waswahili walilipokea neno kitab la Kiarabu, wakaichukua ki- yake kuwa kiambishi, wakasema vitabu. Na kwamba maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa katika mizunguko ya barabara yalitupa kipilefti na vipilefti. Mbele ya Mwarabu na Mwingereza hayo ni makosa, mbele yetu ni Kiswahili safi. Kwa nini basi nilisumbue ibuti?

Nakubaliana nao katika kanuni, na kwa kanuni hiyo hiyo napinga. Kitabu kilifanywa Kiswahili na vinywa vya watu, wakikihitaji na kukitumia vizazi kwa vizazi. Hata Betelgeuse, kwa Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya, imekwisha kuwa jina halali, na mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliliidhinisha rasmi. Sina ugomvi nalo. Ibuti la Jauza, kwa upande wa pili, halijafika vinywani. Mwulize mwanafunzi wako, mwulize mvuvi, mwulize hata mwalimu wa sayansi. Liko katika karatasi tu, na kilichomo katika karatasi tu hurekebishwa kwa kalamu. Kosa la wasemaji ni mali yao. Kosa la waandishi ni deni lao.

Hapa kwetu masomo ya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na kwa hivyo kila istilahi ya nyota hutupitia katika mlango huo hata pale ambapo mlango wetu wenyewe u wazi. Tunakwenda London kuliuliza neno ambalo lilipita Lamu kabla ya kufika huko. Sisemi tuvifunge vitabu vya Kiingereza. Nasema kwamba mtunga istilahi wa Kiswahili anapokutana na neno lenye asili ya Kiarabu, Kihindi au Kibantu, asiridhike na tafsiri ya tafsiri. Tunao watu wanaoisoma hati ile, tuwaulize. Napendekeza basi nyota hii tuiite Mkono wa Jauza. Jina hili halihitaji kamusi, mtoto wa darasa la nne atalielewa, na ndilo walilolikusudia walioliita nyota hiyo mwanzo.

Wapo watakaosema kwamba mkono na kwapa havipitani mbali, na nyota haibandukiki kwa sababu ya jina. Hao nawajibu kwa habari ya majuzi. Mnamo Julai 2025 wanafalaki waliotumia darubini ya Gemini North huko Hawaii walitangaza kwamba wameona dalili za nyota ndogo inayoizunguka Betelgeuse kwa karibu sana, mzunguko mmoja kwa miaka sita hivi. Waliipendekezea jina la Siwarha. Neno siwar kwa Kiarabu ni bangili, na ile -ha ya mwisho ni “yake”, ya mwanamke. Kiswahili hakibagui hapo baina ya mume na mke, kwa hivyo sisi tutasema tu bangili yake. Waliolichagua jina hilo walikuwa wamesoma asili ya jina la Betelgeuse na kuelewa kwamba ni mkono. Bangili huvaliwa mkononi. Haivaliwi kwapani.

Wiki ile niliyoahidi, nilirudi darasani. Niliandika ubaoni yad kwa hati ya Kiarabu, kisha nikafuta nukta moja na kumwomba yule kijana wa Lamu asome. Akasoma bad, darasa likanyamaza kidogo, kisha wote wakaelewa kwa pamoja. Niliwaambia wakalifute neno kwapa katika daftari zao. Wale wa miaka ya nyuma sina namna ya kuwakusanya, na wengi wao leo wanashika chaki mahali mahali. Ndiyo sababu nimeandika hapa. Ewe uliyekuwa mwanafunzi wangu, daftari lako la zamani ukilipata, tafuta ukurasa wa ukopaji wa maneno, ulisahihishe. Kisha jioni moja ya Desemba, baada ya masomo ya usiku, watoe wanafunzi wako uwanjani, waelekeze mashariki, uwaonyeshe mkono.